Mchoro Uko Ukurasa wa Ngapi?

Miezi mitatu ya kwanza sikuruhusiwa kugusa mtambo. Ilikuwa mwaka 1984, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye faili, na nilidhani nimeajiriwa kutengeneza. Fundi mkuu wa kituo cha redio, mzee aliyebakiza miaka minne kustaafu, alinipokea mlangoni, akaniuliza habari za nyumbani na za safari, akanipeleka hadi chumba cha mtambo wa masafa ya kati. Pale akavuta droo ya chini ya kabati, akatoa kitabu kinene kama kamusi, jalada lake limechakaa kwenye kona.

“Kazi yako hii hapa,” akasema. “Ukikimaliza utaniambia.”

Nilikimaliza kwa siku nne, nikaenda kumwambia. Mzee hakusema neno. Alifungua ukurasa wa mchoro, karatasi iliyokunjwa mara sita, akaitandaza juu ya meza kama anayetandika kitambaa cha wageni, akaweka kidole mahali fulani. “Umeme ukifika hapa, mwanangu, unaelekea wapi?” Sikujua. Akaikunja karatasi ile polepole kwa mikunjo yake ileile ya zamani, akanirudishia kitabu.

Niliporudi kukisoma mara ya pili ndipo nikaona maandishi ya penseli. Yalikuwa pembezoni mwa kurasa, ya mikono tofauti, mengine yamefifia. Yale ya zamani yalikuwa ya Kiingereza, yaliyofuata ya Kiswahili. “Huyu hulia wakati wa masika.” “Amebadilishwa, Juni 1971.” “Akichoka huyu, dalili huanza kwa jirani yake wa kushoto.” Mafundi walionitangulia walivitaja vipuri kwa ngeli ya watu. Kapasita alikuwa mgonjwa, valvu alikuwa mzee, transfoma alikuwa mtulivu. Hakuna aliyewafundisha kuandika hivyo. Nadhani ukikaa na mtambo miaka kumi, ukiusikiliza usiku ukiwa peke yako, ngeli ya vitu inakushinda ulimi.

Mtambo wenyewe ulikuwa na milango mitatu ya chuma, ya rangi ya kijivu, mirefu kuliko mtu, na ulitoa kilowati 10. Alfajiri, kabla ya kufungua kituo, mtu wa zamu aliwasha kwanza nyuzi za valvu akasubiri zipate moto, ndipo auruhusu umeme mkubwa wa volti elfu kadhaa uingie. Ukiharakisha, unaua valvu. Nyuma ya kioo kidogo zilikuwepo taa za zebaki, zinazogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Zikishapata joto zilitoa mwanga wa buluu inayoelekea zambarau, na mtangazaji alipopandisha sauti mwanga ule nao ulicheza. Nimeona mambo mengi mazuri maishani mwangu. Machache yanaufikia ule mwanga wa saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado nje, na salamu za kufungulia kituo zikitetemeka ndani ya kioo.

Ndani ya kila mlango ilining’inia fimbo yenye ncha ya shaba, iliyofungwa waya mnene unaokwenda ardhini. Ukiufungua mlango, umeme ulijikata wenyewe. Hata hivyo kitabu kilikuamuru uchukue fimbo ile uguse sehemu kadhaa, moja baada ya nyingine, kabla ya kuingiza mkono, kwa sababu kapasita hubaki na umeme hata swichi ikishazimwa, na umeme huo unaua. Waliotengeneza mtambo ule walikuwa maelfu ya kilomita kutoka kwetu. Hawakunijua, na wakati wanauunda huenda sikuwa nimezaliwa. Lakini walikuwa wameufikiria mkono wangu.

Mlangoni kulikuwa na kibati chenye jina la mji wa Chelmsford. Nilikisafisha kwa kitambaa kila Jumamosi, na jina lile likanikaa kichwani kama jina la kijiji cha wakwe. Baadaye sana nilipata nafasi ya kusoma habari za mji huo. Guglielmo Marconi, Mtaliano, alianzisha kampuni yake Uingereza mwaka 1897, na mwaka uliofuata akafungua kiwanda Chelmsford. Tarehe 15 Juni 1920, ndani ya eneo la kiwanda, mwimbaji maarufu wa Australia, Nellie Melba, alisimama mbele ya kipaza sauti akaimba, na sauti yake ikasikika nchi za mbali za Ulaya. Kilichonigusa ni hiki: tangazo lile halikufanywa na shirika la utangazaji. Lilifanywa na kiwanda. Marekani nako, tarehe 2 Novemba mwaka huohuo, kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais, na mwenye kituo alikuwa Westinghouse, watengenezaji wa vifaa vya umeme. Hata BBC, ilipoanza mwaka 1922, ilikuwa kampuni iliyoundwa na watengenezaji wa redio. Walihitaji kitu hewani ili watu wawe na sababu ya kununua redio zao. Ikawa shirika la umma mwaka 1927.

Kwa hiyo kiwanda kilitangulia, mtangazaji akafuata. Sisi tuliofanya kazi nyuma ya mtangazaji hatushangai. Lakini wasikilizaji wengi, na hata wenye vituo, hudhani redio ni sauti tu, na kwamba nyuma yake kuna sanduku la kununua dukani.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hizi ni cha jirani zetu sisi Watanzania, upande wa kusini-magharibi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alikuwa na kituo Lusaka kinachotangaza kwa lugha za Waafrika, ila wasikilizaji hawakuwa na uwezo wa kununua redio. Akawaendea watengenezaji wa Uingereza kuwaomba redio ya bei nafuu inayotumia betri. Waliomwitikia ni kampuni ya Ever Ready, na kazi yao kuu ilikuwa betri. Redio iliyotoka mwaka 1949 ilikuwa ya duara, gamba lake la alumini lenye umbo la sufuria, limepakwa rangi ya buluu, bei yake pauni 5. Watu wakaiita redio ya sufuria. Muuza betri alielewa jambo ambalo muuza redio hakulielewa, kwamba mnunuzi wa leo atarudi kesho, na keshokutwa, na mwaka ujao, na kwamba uhusiano huo ndio mali.

Nyumbani kwetu kisa hicho hakikuwa historia. Baba yangu alilima pamba, na msimu mmoja uliofanya vizuri alinunua redio ya Philips, miongoni mwa zile zilizounganishwa Arusha. Betri zilikuwa za National, kutoka kiwanda ambacho Wajapani wa Matsushita walikifungua Dar es Salaam mwaka 1966. Zikianza kuchoka, mama alizianika juu ya bati pamoja na dagaa, na jioni zilirudi na nguvu ya taarifa ya habari moja, pengine na matangazo ya vifo. Baada ya hapo sauti ilizama, na baba alikuwa akiinamisha sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika. Nilianza kupenda kazi hii pale, nikimtazama mtu mzima mwenye heshima zake akiinamia sanduku ili asikie nani amefariki na mazishi ni lini.

Nilipopelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi sita, nilikutana na familia nyingine ya vifaa: mashine za kanda. Za safari zilikuwa Uher, za Ujerumani, zenye mkanda wa begani ulioacha alama kwenye shati. Mtayarishaji alirudi nazo kutoka mikoani zikiwa na vumbi jekundu, na ndani ya vumbi lile mna ngoma, mahojiano na wakulima, sauti za wazee ambao wengi wao sasa wamelala. Ilikuwepo pia Nagra moja, iliyotunzwa kama mboni ya jicho. Aliyeibuni, Stefan Kudelski, alizaliwa Poland akafanya kazi Uswisi, na aliipa mashine yake ya mwaka 1951 jina la Kipoland lenye maana ya “itarekodi”. Napenda kiwanda kinachoweka ahadi yake ndani ya jina.

Ila iliyonifundisha zaidi ni Studer. Willi Studer alianzisha kampuni yake Uswisi mwaka 1948, na mashine zake kubwa za studio zilikuwa na uzito wa kabati. Humo kadi za sakiti zilichomolewa na kuchomekwa kama vitabu kwenye rafu. Kila kadi na namba yake, kila namba na ukurasa wake, na kitabu kilieleza hatua kwa hatua, kwa Kijerumani na Kiingereza, namna ya kuirudisha mashine katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Mkufunzi alitufunika macho kwa leso akatuambia tuchomoe kadi tatu na kuzirudisha. Wote tuliweza. Aliyeibuni alikuwa amejiweka mahali pa fundi wa usiku, mwenye tochi moja na taarifa ya habari inayoanza baada ya dakika sita.

Hapo nilianza kuunda kipimo changu cha mtengenezaji mzuri, ingawa sikukipa maneno mpaka nilipoadhibiwa na kazi.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria iliyofungua mlango kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika Dar es Salaam. Baada ya hapo FM ilienea nchini kama mvua za vuli, hapa leo, kule kesho. Nami mwaka 1999 niliacha ajira ya serikali nikaenda kwenye kituo kimoja cha binafsi Kanda ya Ziwa. Mtambo tulioukuta kilimani ulitoka kaskazini mwa Italia, kilowati 1, sanduku lisilofika kiunoni. Sisi mafundi tuliuita Mtaliano.

Kwa nini Italia? Niliuliza swali hilo miaka mingi, na jibu lilinifurahisha. Mwaka 1976 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba ukiritimba wa shirika la taifa usizifunge redio na televisheni za maeneo madogo. Vituo vikachipuka kila mtaa, vijana wakirushia matangazo vyumbani, mapaa ya nyumba yakiwa minara yao. Vijana wale hawakuwa na fedha za kununua mitambo ya makampuni makubwa, kwa hiyo mafundi wa mitaani wa Bologna, Padova na Ferrara wakaanza kuwatengenezea midogo, ya bei ya kijana. Kampuni kama RVR na Elenos zilikulia katika hali hiyo. Miaka ishirini baadaye, Afrika ilipofungua masafa yake, vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya watu wenye mfuko mwembamba vilikuwa tayari viko sokoni. Kituo changu kilimani kilikuwa mtoto wa hukumu iliyotolewa Roma nikiwa darasani nikijifunza kugawanya.

Kitabu cha Mtaliano kilikuwa chembamba kuliko kile cha Chelmsford, Kiingereza chake kikikwaruza kidogo, lakini mchoro ulikuwepo, kamili, na orodha ya vipuri hadi rezista ya mwisho. Nilinunua penseli siku ya kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma mpaka leo.

Mwenye kituo alitaka kusikika mbali zaidi. Wenye vituo wengi hununua wati, kama vile mtu anavyonunua mbegu kwa kilo. Nilijaribu kumweleza. FM husafiri kwa mstari wa macho. Mnara wenye kimo cha mita 100 juu ya tambarare huona, kwa jicho la redio, kama kilomita 41. Ukiweka antena mita 400 juu, kilomita zinakuwa 82. Kuongeza wati maradufu kunaleta desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji aliyeketi barazani kwake haitambui. Nikamwomba fedha ziende kwenye antena na kebo, na waya wa ardhi. Alinisikiliza kwa adabu. Wiki mbili baadaye gari lilileta mtambo mpya wa kilowati 2, wa bei nzuri mno, na Mtaliano akapelekwa mkoa mwingine kuanzisha tawi.

Nilifungua boksi nikitafuta kitabu. Palikuwa na kijitabu cha kurasa nane chenye picha za rangi: swichi iko hapa, antena inafungwa hapa. Nikageuza ukurasa wa mwisho, nikatazama ndani ya boksi, nikakung’uta hata vifungashio vya plastiki. Hakukuwa na mchoro. Nilipofungua kifuniko niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika maisha yangu ya kazi. Juu ya vipuri vikuu, pale panapoandikwa namba, palikuwa pamekwanguliwa. Mtu alikuwa amekaa mahali, akachukua kifaa chenye ncha, akafuta namba moja baada ya nyingine ili mimi nisijue ni kipuri gani.

Sikusema kitu kwa mwenye kituo. Nilipaswa kusema. Nilikuwa mgeni katika sekta binafsi, nina watoto wawili shuleni, na mtambo ulikuwa unatoa sauti nzuri. Nikaufunga kifuniko.

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi Afrika. Ilipofika Novemba, radi ikapiga karibu na mnara saa nne asubuhi, na mtambo ukanyamaza. Transista za hatua ya mwisho zilikuwa zimeungua, na kadi ya kuziongoza pia. Transista niliweza kuzikisia. Kadi sikuweza, kwa kuwa namba zilikwanguliwa. Niliandika kwa waliotuuzia. Walijibu baada ya siku tano kwamba mchoro ni siri ya kampuni, na kwamba kadi isafirishwe kwao, gharama juu yetu. Tulikaa kimya siku kumi na tisa.

Redio ya mkoani ikikaa kimya siku kumi na tisa, matangazo ya biashara hupotea, na hilo mwenye kituo alilihesabu kwa shilingi. Lakini kituo chetu kilisoma matangazo ya vifo saa saba mchana na saa mbili usiku, na watu wa visiwani hawakuwa na njia nyingine ya haraka. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika huko. Siku ya radi, asubuhi, kijana mmoja alikuwa amelipia tangazo la msiba wa baba yake. Stakabadhi ikakatwa, karatasi ikawekwa mezani kwa mtangazaji. Saa saba ilipofika hapakuwa na hewa.

Alikuja baadaye, mtambo ukiwa bado haujarudi, kwa baiskeli, na ile stakabadhi mkononi. Hakudai fedha. Alisimama mlangoni pa studio akaniambia kwa upole, “Kaka, dada yetu yuko kisiwani, alikaa na redio kama kawaida yake. Amefika juzi. Amekuta tumeanua matanga.” Akaikunja stakabadhi akairudisha mfukoni. Sikuwa na neno. Niliona sikio la baba yangu limegusa kitambaa cha spika, na spika haisemi.

Tangu siku hiyo mchoro si suala la ufundi kwangu. Anayekwangua namba ya kipuri amemkwangua yule dada kisiwani. Mtengenezaji ana haki ya kulinda ubunifu wake, nami naiheshimu. Lakini mtambo wa utangazaji ni kama daraja. Hata kama limejengwa kwa fedha ya mtu mmoja, wanaopita juu yake ni wengi, na kumnyima fundi wa pale njia ya kulitengeneza ni kuwafungia njia watu ambao hata hawakuwepo sokoni.

Mwaka uliofuata tulirudishiwa Mtaliano, maana tawi lilifungwa. Naye akaugua, usiku wa Ijumaa: nguvu ilishuka hadi robo. Nilifuata mchoro mpaka mahali nikakwama, nikashuka mjini kwenye duka la intaneti, nikaandika kwa kiwanda kwa Kiingereza changu. Sikutegemea jibu kabla ya Jumatatu. Jumamosi asubuhi lilikuwepo. Mhandisi, ambaye sikupata kumwona maishani, alikuwa amechapa ukurasa uleule wa mchoro, akachora duara kwa kalamu kwenye rezista moja, akaandika volti zinazopaswa kuonekana pale, akaupiga skani. Nilipanda kilima na karatasi ile. Rezista ilikuwa imepasuka kwa chini, upande usioonekana. Inauzwa bei ya andazi. Mchana tulisoma matangazo ya vifo.

Najua baadhi ya wenzangu wa rika langu wanalia na valvu zao, wanaona kila kilichokuja baadaye ni cha hovyo. Siko nao. Valvu moja ikifa, kituo kizima kilikaa kimya. Mitambo ya leo imegawanywa katika kadi nyingi zinazofanya kazi pamoja, na ikifa moja, nguvu inashuka kidogo na mtangazaji anaendelea kusalimia. Nautel wa Kanada, walioanza mwaka 1969 katika kijiji cha pwani huko Nova Scotia kwa kutengeneza vinara vya redio vya kuongozea safari, walijenga jina lao juu ya transista wakati wenye kilowati nyingi bado wanaamini valvu. Transista moja leo yaweza kutoa zaidi ya kilowati nzima, kazi ya sanduku zima la Mtaliano wangu. Ni maendeleo makubwa, na umeme tunaouokoa ni fedha ya dizeli.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Kipuri kilichokwanguliwa siku hizi kina ndugu yake: neno la siri. Nimeona mtambo mzima wa afya, kila kadi inafanya kazi, umekataa kuwaka kwa sababu leseni ya programu yake imeisha na aliyeiuza hapokei simu. Na makampuni nayo hufa kama watu. RCA, iliyokuwa miongoni mwa majina makubwa Marekani, ilijiondoa katika kutengeneza vifaa vya utangazaji mwaka 1985. Gates, duka la familia lililoanza mwaka 1922 huko Quincy, Illinois, lilinunuliwa mwaka 1957, likabeba jina la Harris kwa miongo, na sasa ni GatesAir. Kampuni ya Marconi yenyewe ilisambaratika miaka ya 2000, na mwaka 2006 sehemu kubwa ya biashara yake ikawa ya Ericsson. Hakuna tena wa kumwandikia barua Chelmsford. Lakini mtambo ule wa milango mitatu uliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya mimi kuondoka, kwa valvu zilizotafutwa huku na kule na kwa kitabu kilichokuwa kwenye droo. Fundi mkuu alipostaafu alinikabidhi funguo za kituo mbele ya wakubwa, wakapiga makofi. Kitabu alikuwa amenikabidhi usiku wa kuamkia siku ile, tukiwa wawili tu.

Mwaka jana, redio moja ya jamii iliniomba niwasaidie kuchagua mtambo. Kamati yao ina watu saba: walimu wawili, mvuvi, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, mchungaji, imamu, na binti aliyemaliza stashahada ya elektroniki ambaye ndiye fundi wao wa zamu ya usiku. Zililetwa ankara mbili. Tofauti ya bei ilikuwa kubwa, na kwa kamati ile tofauti hiyo ilikuwa paa la studio. Sikuwaambia wachague upi. Nilipendekeza tuwaandikie wauzaji wote wawili barua moja yenye maswali matatu. Mchoro wa sakiti uko ukurasa wa ngapi? Vipuri vya hatua ya mwisho vina namba gani, na vitauzwa kwa miaka mingapi? Mtambo ukizima Ijumaa usiku, nani atajibu?

Mmoja alituma tena kijitabu chake cha picha, safari hii pamoja na punguzo. Mwingine alituma faili la kurasa 140.

Majadiliano yalichukua jioni mbili. Mvuvi ndiye aliyesema kwamba yeye hanunui injini ya mtumbwi ambayo fundi wa mwalo hawezi kuifungua, kwa kuwa ziwani hakuna wa kumpigia simu. Paa la studio litasubiri msimu mwingine.

Nilichukua lile faili kwenye duka la steshenari pale stendi, nikaomba nakala tatu, zibanwe spairo na kuwekewa jalada la plastiki kwa ajili ya popo na unyevu. Kijana wa duka aliniuliza kama ni kitabu cha mtihani. Ya kwanza ilikwenda kilimani, kwenye droo. Ya pili ofisini. Ya tatu nilimpa yule binti wa zamu ya usiku, pamoja na penseli. Baada ya wiki nilipita kumsalimu, nikaikuta karatasi ya mchoro imetandazwa mezani, na pembeni yake, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima, mstari wa kwanza: “Huyu hupata joto kuliko wenzake. Aangaliwe.”